North Carolina: viti 7 kwa 7 mwaka 2022, 10 kwa 4 mwaka 2024. Kalamu anashika nani?

Mdadisi_Pwani
Wakuu, naomba darasa. Mwaka 2022 North Carolina ilipeleka Baraza la Wawakilishi la Marekani Warepublican 7 na Wademokrati 7. Uchaguzi uliofuata, 10 kwa 4. Sensa mpya haikuwepo, wala wapiga kura hawakugeuka kiasi hicho: siku hiyohiyo ya 2024 walimpa Trump kura zao za urais na wakamchagua gavana Mdemokrati. Mistari huchorwaje? Na hicho kiti cha 14 kilitoka wapi, maana zamani vilikuwa 13? (Nikisema jimbo ni North Carolina nzima, wilaya ni eneo la mbunge mmoja. Tusichanganye na majimbo yetu.)

Kipeuo
Nianze na kiti. Nchi nzima ni viti 435. Kila jimbo linapewa 1, vilivyobaki 385 vinagombewa kimoja kimoja. Kanuni ya tangu 1941: chukua watu wa jimbo, gawa kwa kipeuo cha pili cha (kiti linachokitaka × kiti lilicho nacho); mwenye jibu kubwa ndiye huchukua kiti kinachofuata. Kwa sensa ya 2020 North Carolina ilikuwa na 10,453,948, wakiwemo askari na watumishi wa serikali kuu walio ng'ambo. Kiti cha 14: 14 × 13 = 182, kipeuo chake 13.49, jibu karibu 774,900. Kiti cha 435 kilichukuliwa na Minnesota kwa karibu 763,000, kwa hiyo North Carolina ilipita bila jasho. Kwa kiti cha 15 ingeleta kama 721,400, mbali kabisa. New York ilipoteza kiti kwa upungufu wa watu 89. Themanini na tisa!

Fundi_Vitalu
Kwenye kuchora idadi inabadilika: unahesabu wakazi waliomo jimboni tu, 10,439,388. Gawa kwa 14 unapata 745,670, wanabaki 8. Ramani safi basi ina wilaya 8 zenye watu 745,671 na 6 zenye 745,670. Si ubishi wa bure. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa ramani ya New Jersey ambayo wilaya yake kubwa na ndogo zilipishana kwa chini ya asilimia 0.7, kwa kuwa waliochora hawakuweza kuitetea tofauti hiyo.

Kipande kidogo kabisa ni kitalu cha sensa. Mjini mara nyingi ni eneo lililozungukwa na barabara. Kila kitalu kina namba ya tarakimu 15: 2 za jimbo (37), 3 za kaunti (Mecklenburg, iliko Charlotte, ni 119), 6 za eneo la sensa, 4 za kitalu chenyewe. Ukiivua rangi zake, ramani ni orodha ya vitalu, kila kimoja na namba ya wilaya ubavuni. Wengi huharibu hapa: wanaifungua kwenye Excel bila kuifanya safu ile kuwa maandishi, namba inageuka 3.7119E+14, wakihifadhi kama faili la maandishi (CSV) tarakimu za mwisho zimekwisha kufa. Alabama, yenye 01, hupoteza hata sifuri ya mbele.

Anzia pembezoni, milimani au pwani, uje katikati. Ukianza katikati utabaki na makombo yasiyoshikana. Jaza kwa kaunti nzima (zipo 100), kisha kwa maeneo ya vituo vya kura, na vitalu viache mwisho kwa kusawazisha wale watu wachache. Halafu tafuta vitalu vyenye watu 0, kama ziwa au makutano ya barabara kuu. Jumla inaweza kutimia huku kitalu cha namna hiyo hakina wilaya, na ndicho kinachokata mshikamano.

Wakili_wa_Mpaka
Hisabati hiyo yote inatimia hata kwenye ramani chafu. Hila iko kwenye kuwarundika wapinzani katika wilaya chache washinde kwa kura za kupindukia, na waliobaki kuwatawanya wawe wachache kila mahali. Wilaya ya 12 ya mwaka 1992 ilifuata barabara kuu ya I-85 kwa maili kama 160, kwingine haikuzidi upana wa njia hiyo. Ramani ya 2016 ilikipasua chuo kikuu cha North Carolina A&T, cha Weusi kihistoria, huko Greensboro: bweni huku Wilaya ya 6, darasa kule ya 13. Mwaka 2012 Wademokrati walipata kura nyingi zaidi jimboni wakaambulia viti 4 kati ya 13.

Sasa swali lako. Kalamu ni ya bunge la jimbo, lenye Warepublican wengi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema upendeleo wa kichama katika mipaka si kesi ya mahakama za serikali kuu, vita vikahamia mahakama za jimbo. Ramani ya 2022 iliyoleta 7 kwa 7 ilitoka mahakamani, kwa uchaguzi huo tu. Novemba 2022 wapiga kura walibadili wingi wa majaji katika Mahakama ya Juu ya jimbo, ukawa wa Warepublican. Aprili 2023 mahakama hiyo ikageuza uamuzi wake yenyewe wa awali dhidi ya upendeleo huo, na Oktoba bunge likachora upya. Kaunti ya Guilford, iliko Greensboro, ikakatwa vipande vitatu. Oktoba 2025 wakachora tena, shabaha ikiwa Wilaya ya 1, kaskazini mashariki.

Mdadisi_Pwani
Nimeelewa. Lakini gavana si alikuwa Mdemokrati? Kwa nini hakukataa?

Wakili_wa_Mpaka
Katiba ya jimbo hilo haimpi kura ya turufu kwenye mipaka. Miswada mingine mingi anaweza kuizuia, ramani hapana.

Kipeuo
Kwa wa Kenya: Ibara ya 89 ya Katiba inaruhusu eneo bunge kupishana na wastani kwa asilimia 40 mijini na sehemu zenye watu wachache, 30 kwingineko, na mapitio ni kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ukiwapelekea New Jersey asilimia 40, hawatakujibu hata salamu.