Waingereza wa kale waliingia Ukristo kwa imani au kwa amri ya ikulu?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Tunaambiwa Waingereza "waliipokea Injili" kuanzia mwaka 597, Augustine na wamonaki wenzake waliotumwa na Papa Gregory waliposhuka Kent, ufalme wa kusini-mashariki mwa Uingereza. Mimi naona iliyopokea ni ikulu. Angalieni wafalme walipokufa. Æthelberht wa Kent alifariki 616. Mwanawe Eadbald akakataa ubatizo na kumwoa mjane wa baba yake. Essex, ufalme jirani, ndiyo kichekesho kabisa: wana wa mfalme, wapagani watupu, walimbana Askofu Mellitus awape ule mkate mweupe aliokuwa akimpa marehemu baba yao. Akawaambia wabatizwe kwanza. Wakamtimua. Kule Northumbria, ufalme wa kaskazini, Mfalme Edwin alibatizwa York 627, akauawa vitani 633, na Askofu Paulinus akamchukua malkia wakapanda meli kurudi Kent. Imani gani ya wananchi inayofungasha virago mfalme akianguka?

Mtani:
Mkuu, umechagua unayoyataka. Paulinus aliondoka, lakini shemasi wake James alibaki kulekule akifundisha na kubatiza. Na mmonaki Aidan umemruka kwa nini? Alitoka Iona, kisiwa cha Uskochi chenye monasteri, akaweka makao Lindisfarne, kisiwa cha Northumbria, mwaka 635, akawa anakwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji. Mfalme Oswine alipompa farasi, alikutana na ombaomba njiani akamwachia farasi huyo pamoja na matandiko yake yote. Huyo naye mtu wa ikulu?

Mleta mada:
Mkalimani wake alikuwa nani? Mfalme Oswald wa Northumbria mwenyewe, maana Kiingereza kilikuwa bado kinamsumbua Aidan. Mfalme amesimama mbele yako anakutafsiria mahubiri, utathubutu kunyanyuka uende zako?

Bibi Shamba:
Jamani, wafalme, wafalme, malkia je? Bertha, mke wa Æthelberht, alitoka kwa Wafranki, watawala wa Ufaransa ya leo, akiwa Mkristo, na askofu wake juu, na alikuwa akisali kanisani Canterbury kabla Augustine hajatia mguu. Binti yake Æthelburh aliolewa na Edwin kwa sharti la kuachiwa dini yake. Papa Boniface akamwandikia amvute mumewe, na barua ikasindikizwa na kioo cha fedha na chanuo la pembe za ndovu. Roma ilijua mlango wa kuingilia.

Msoma Historia:
Bibi Shamba kagusa penyewe, ila bado tuko ndani ya kasri. Raia hamjamuuliza. Mwaka 601 Gregory aliagiza mahekalu yasibomolewe, sanamu tu ziondolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, na ng'ombe waliokuwa wakitolewa kafara waendelee kuchinjwa, sasa kwa karamu ya kanisa. Kwa mwanakijiji tofauti ilikuwa ipi hasa?

Mengi ya haya tumeyapata kwa Bede, mmonaki aliyemaliza historia yake 731, kwa hiyo tunasikia upande wa kanisa. Lakini huyohuyo, akieleza maisha ya mmonaki mtakatifu Cuthbert, ameacha kisa kimoja alichosimulia mkulima. Wamonaki walikuwa wakisafirisha mbao kwenye mto Tyne, upepo ukawasukuma kuelekea baharini. Wanakijiji ng'ambo wakasimama wakiwazomea. Cuthbert, bado kijana, akawaambia ni heri wawaombee. Wakamjia juu: asiwaombee mtu, Mungu asimhurumie hata mmoja wao, kwani wamewanyang'anya watu ibada zao za zamani na hizi mpya hakuna ajuaye zinafanywaje.

Mleta mada, hao utawaweka fungu gani?