Kisigino cha Baraka: gumzo la kikundi cha ukoo

Baraka: Shikamooni wakubwa. Da Neema, mtaalamu wetu wa viungo, upo? Nyuma ya mguu wa kulia panauma. Nikiamka asubuhi nachechemea, baadaye panalegea. Jioni nikikimbia maumivu yanarudi.

Mama Baraka: Tangu ajiandikishe Kilimanjaro Marathon anapanda milima kila siku. Neema, nimpeleke akachomwe sindano?

Neema: Shikamoo mama mdogo. Sindano hapana, tafadhali. Zile za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, zikipigwa kwenye kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, zinaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Baraka, marahaba. Ukibana kwa vidole, panauma mfupani au juu yake?

Baraka: Juu, kama vidole vitatu. Pamevimba kidogo.

Neema: Pole. Hiyo ni kano inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Hujijenga polepole, na wewe umeiongezea kazi ghafla.

Ba'mdogo Elia: Si apumzike tu mwezi mzima?

Neema: Shikamoo ba'mdogo. Maumivu yatatulia, lakini kano itabaki dhaifu, akirudi mbioni yanaanza tena. Inataka kazi ya kipimo. Baraka, acha milima na kuruka kamba, baiskeli endesha. Kisha simama ukingoni mwa ngazi, shika ukuta. Inuka kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shusha kisigino polepole hadi chini ya ukingo. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Halafu seti 3 nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Mpango huu aliuchapisha Håkan Alfredson wa Sweden mwaka 1998, na mpaka leo tunautumia.

Baraka: Ikiuma je?

Neema: Maumivu ya kuvumilika ni sawa, mradi kesho yake asubuhi mguu usiwe umekaza kuliko leo. Ukikaza, punguza. Usikate tamaa wiki za mwanzo, haibadiliki haraka.

Shangazi Upendo: Na mimi kisigino kinauma kwa nyuma, mfupani kabisa. Nipande ngazi?

Neema: Shikamoo shangazi. Ya mfupani hufanyiwa sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa. Ila ngoja, kuna dawa umekunywa karibuni?

Shangazi Upendo: Marahaba. Siprofloksasini, antibiotiki ya mkojo. Bado naendelea nayo.

Neema: Shangazi, usianze zoezi lolote! Dawa hiyo inaweza kudhuru kano, zaidi kwa waliopita miaka 60. Usimeze dozi nyingine kabla ya kuongea na daktari aliyekuandikia, akubadilishie. Mpigie sasa hivi.

Mama Baraka: Wifi, nakuja tuende wote.

Neema: Asante mama mdogo. Na yeyote humu akisikia mlio nyuma ya mguu, kama kapigwa teke, akashindwa kusimama kwa vidole, ni hospitali siku hiyohiyo.

Baraka: Nimeelewa. Mbio zangu sasa?

Neema: Omba wakuhamishie zile za kilomita 5, utembee. Kesho nirekodie video ukifanya zoezi la ngazi.

Shangazi Upendo: Daktari kapokea. Kasema niiache, niende sasa.