Mjadala: Je, mnyama aliyetoweka amefufuliwa, au amebadilishwa jina tu?

Mleta mada

Wakuu, neno "kufufua" limepita midomoni mwa watu bila kuulizwa maswali, na mimi nimeshindwa kulinyamazia.

Aprili 2025 kampuni ya Colossal Biosciences ya Marekani ilitangaza kwamba imemrudisha duniani mbwa mwitu wa kale (kwa Kiingereza "dire wolf"), yule mwenye umbo kubwa aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watoto watatu walionyeshwa: Romulus na Remus, waliozaliwa Oktoba 2024, na Khaleesi wa Januari 2025. Wanasayansi walisoma vinasaba vya jino la miaka 13,000 hivi na fuvu la miaka kama 72,000. Kisha wakachukua seli za mbwa mwitu wa kijivu, huyu aliye hai leo, wakabadilisha sehemu 20 ndani ya jeni 14. Viini vya seli hizo vikapandikizwa kwenye mayai ya mbwa wa kufugwa, na mbwa wa kufugwa ndio waliobeba mimba. Ni kazi ya ustadi mkubwa, hilo silipingi hata kidogo.

Ila tupige hesabu. Kampuni yenyewe inasema wanyama hawa wawili wanafanana vinasaba kwa asilimia 99.5. Jenomu ya mbwa mwitu, yaani vinasaba vyake vyote kwa pamoja, ina herufi takriban bilioni 2.4, kwa hiyo nusu asilimia iliyobaki ni zaidi ya herufi milioni 10. Zimeguswa sehemu 20! Tena 5 kati ya hizo hazikutoka kwa mnyama wa kale. Jeni zake za rangi zilihofiwa kuleta uziwi na upofu kwa mbwa mwitu wa leo, ndipo manyoya meupe yakapatikana kwa njia nyingine. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa koo hizi mbili ziliachana takriban miaka milioni 5.7 iliyopita.

Mtaniuliza, jina lina madhara gani? Siku zilezile za tangazo, waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, Doug Burgum, ambaye wizara yake husimamia wanyama walio hatarini, alilisifu na kusema, akizungumzia ulinzi wa spishi, kwamba kilichoikuza Marekani ni ubunifu, si kanuni. Hapo ndipo roho yangu inapouma. Ukishaaminisha watu kwamba aliyekufa anarudishwa, nani atahangaika kumlinda aliye hai na msitu wake?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeshika neno ukaacha kazi. Kampuni hiyohiyo ilisema imezalisha pia mbwa mwitu wekundu wanne, spishi iliyobakiwa na wachache mno porini, kwa kutumia seli za damu tu, bila kumkata mnyama nyama. Fedha zile ni za wawekezaji. Usidhani wangezitoa kulipa askari wa wanyamapori.

Mleta mada

La seli za damu nakubali, na ningependa ndilo lingetangulia kwenye vichwa vya habari. Mfano wangu wa kazi njema ni fereti mwenye miguu myeusi, mnyama mdogo wa Amerika Kaskazini wa jamii ya kicheche. Wote walio hai walitokana na wanyama 7 tu, karibu ndugu watupu. Seli za jike aliyeitwa Willa, asiyekuwa miongoni mwa hao 7, ziligandishwa mwaka 1988. Desemba 2020 akazaliwa pacha wake wa maabara, Elizabeth Ann, na mwaka 2024 pacha mwingine, Antonia, akazaa mwenyewe. Damu iliyopotea ikarudi kwenye ukoo. Hakuna aliyehitaji kuita huo ufufuo.

Mchangiaji wa pili

Mimi nauliza kuhusu akina mama. Mwaka 2003 Wahispania walijaribu kumrudisha mbuzi mwitu wa milima ya Pirenei, ambaye wa mwisho wake, Celia, alikufa Januari 2000. Mbuzi mama wengi walipandikizwa viinitete (mimba changa za maabara), akazaliwa mmoja, akafa baada ya dakika chache kwa kasoro ya mapafu. Sasa inazungumzwa mamothi, yule ndugu wa tembo mwenye manyoya aliyetoweka, ambaye atabebwa tumboni na tembo wa Asia. Tembo hubeba mimba karibu miezi 22, na yeye mwenyewe yuko hatarini. Kila mimba ya majaribio ni mtoto wa tembo ambaye hakuzaliwa.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa mamothi, sawa, hata mimi nasita. Lakini Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki, wako Kenya na wote ni majike. Bila maabara wamekwisha.

Mleta mada

Kwa hao wawili niko nawe kabisa. Mayai ya Fatu yalichukuliwa akiwa hai, mbegu za madume ziliwekwa akiba, na kiinitete kinachopandikizwa ni cha kifaru yuleyule, si cha kufananishwa. Mama wa kukibeba ni kifaru mweupe wa kusini, ambao bado wapo kwa maelfu. Hayo ndiyo maswali ninayotaka kila tangazo lijibu: seli ni za nani, na mimba inabebwa na nani.