Masika na bustani ya nyumbani: mchicha, matembele au sukuma? Tulinganishe

Mama wa Goba
Habari zenu wanabustani. Nina kieneo nyuma ya nyumba, hatua sita kwa nne hivi. Juu ni kichanga, ukichimba shubiri mbili unakutana na mfinyanzi mwekundu. Mwaka jana nilimwaga mbegu za mchicha mwanzoni mwa Aprili, mvua ikapiga siku tatu mfululizo, mbegu zote zikasombwa zikaenda kurundikana kona moja. Sukuma nilizopanda pembeni ziliota vizuri tu, halafu majani yakaanza kuwa manjano kuanzia ukingoni. Niling'oa zote nikiwa na uchungu sana, maana nilikuwa nimezilea tangu kitaluni.

Nyumbani tupo sita na mboga za majani ni za kila siku. Fungu la shilingi 500 gengeni halitoshi mlo mmoja. Sasa mvua zimeanza kuchungulia na sitaki kurudia yale yale. Nilime mchicha mtupu? Nijaze matembele? Au nirudi kwenye sukuma na chainizi kwa namna nyingine? Naomba aliyewahi kulima vyote vitatu anieleze tofauti aliyoiona kwa macho yake.

Mzee wa Matuta
Mama, pole kwa hasara. Niko Kibaha, bustani hii nimeilima zaidi ya miaka 20 na mambo yote hayo yamenipata.

Nianze na sukuma zako. Ile manjano, kama ilikuwa na umbo la pembetatu, upana wake ukingoni mwa jani na ncha ikielekea mshipa wa kati, na vimishipa ndani yake vimekuwa vyeusi, basi huo ni uozo mweusi. Ni bakteria. Huingia kupitia ukingo wa jani, na kinachoutembeza ni matone ya mvua yanayoruka kutoka jani hadi jani na kutoka ardhini hadi jani. Ndiyo maana unashamiri masika. Dawa ya kuuponya mmea ulioshikwa hakuna. Kung'oa ulifanya sawa, ila mabaki usiyaache shambani wala usiyatie kwenye mboji. Na pale zilipokuwa, usirudishe sukuma, chainizi, kabichi wala figiri kwa miaka miwili au mitatu, maana hizo zote ni ukoo mmoja na ugonjwa wao ni mmoja.

Kwa hiyo kwa Pwani na Dar, masika naona ni ya matembele na mchicha. Sukuma na chainizi ni za kipupwe. Sia mbegu katikati ya Mei chini ya kibanda kidogo cha nailoni, miche ikifika wiki nne au tano mvua zimepungua, joto limeshuka, unaihamishia bustanini. Julai na Agosti utakula sukuma laini ambayo ukiilima Machi huku kwetu huipati, hata uimwagie samadi ya dunia nzima.

Matembele ndiyo mboga inayofurahia mvua. Chukua marando, yaani mashina yanayotambaa ya kiazi kitamu, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, fukia vifundo vitatu, acha ncha nje. Baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma na huachi tena. Yakishatambaa yanafunika udongo wenyewe, tone la mvua halipigi ardhi, udongo hauondoki. Jambo moja tu: angalia unachukua marando wapi. Ukiona shina mama lina majani yaliyojikunja na kudumaa, hiyo ni virusi, na virusi vinasafiri ndani ya rando. Utakuwa umepanda ugonjwa.

Kijana wa Kigamboni
Shikamoo mzee. Nakubali ya uozo mweusi, ila sikubali kwamba sukuma masika haiwezekani Dar. Mimi nimefunika tuta langu kwa nailoni angavu juu ya fito za mianzi, pande zote wazi ili hewa ipite, na namwagilia chini kwenye shina. Masika iliyopita nilichuma hadi Juni.

Mzee wa Matuta
Marahaba kijana. Inawezekana, na nakupongeza. Lakini hesabu nailoni, fito na kumwagilia kwa mkono wakati mvua inanyesha nje. Mama ana hatua sita kwa nne na watu sita mezani. Ningekuwa yeye, nailoni ningeinunua ndogo ya kitalu tu.

Bibi Shamba, Tanga
Wanangu, mnagombania sukuma na kisamvu mmekisahau! Masika ndiyo wakati wa kuchomeka kisamvu cha mpira kwenye ua. Si muhogo wa kula mizizi, ni ule unaokua mti. Unakata kijiti, unachomeka, mvua inamalizia kazi. Ukishika, miaka unachuma, na kiangazi mchicha ukiwa umekauka na genge limepandisha bei, wewe una majani mlangoni. Bustani hata haupunguzi nafasi yake, maana uko uani. Ila mama, kitwange hasa na kichemke sana bila kukiharakisha, majani ya muhogo mabichi yana sumu. Huku tunakiunga kwa tui.

Na kunde usiziache. Majani yake unachuma ndani ya wiki tatu au nne, na mizizi yake inaacha rutuba. Panda kunde pale ulipong'oa sukuma, udongo upumzike.

Mama wa Goba
Bibi shikamoo, asante sana. Ya kunde pale pale sikuiwaza kabisa. Mzee, mchicha je? Watoto wanaupenda kuliko matembele, siwezi kuuacha.

Mzee wa Matuta
Usiuache. Mwaka jana kosa halikuwa mchicha, ni kumwaga mbegu juu ya ardhi tambarare. Pandisha tuta sentimita 20 hadi 30 juu ya njia, likae kukinga mteremko, maji yapite pembeni. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Kijiko kimoja cha chai changanya na kopo la mchanga mkavu ndipo zitawanyike sawa. Chora mistari, kati ya mmoja na mwingine sentimita 20, kina kisifike hata sentimita moja, fukia kidogo, tandaza majani makavu juu. Siku ya nne au ya tano ukiona vinachungulia, ondoa majani jioni, si mchana wa jua kali.

Usipande tuta zima siku moja. Panda theluthi, baada ya wiki mbili theluthi nyingine. Mchicha uko tayari wiki ya tatu au ya nne, na ukichelewa unatoa maua na jani linakakamaa. Ukipanda wote pamoja utakula wiki moja kwa kushiba, kisha unarudi gengeni.

Miche ikisongamana masika, kinyausi kinaingia: shina linalainika usawa wa udongo, mche unalala. Punguza mapema, hiyo miche ya kupunguza ni mboga nzuri kuliko zote.

Wa Ruiru
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu juu mambo ni tofauti na Dar, sukuma inakubali mwaka mzima kwa sababu ya baridi, na mvua ndefu za Machi hadi Mei ndizo tunazozitegemea kupandikiza. Shida yetu kubwa miezi hiyo ni nyanya. Baridi na unyevu vikikutana, bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na matunda, linamaliza shamba ndani ya siku chache. Mimi nimeacha nyanya msimu huo, napanda managu (mnavu), saga (mgagani) na terere, hiyo terere ndiyo mchicha wenu.

Kwa asiye na ardhi kabisa, gunia. Watu wa Kibera wamelisha familia hivyo miaka mingi. Kata kopo kubwa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze mawe, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, halafu livute kopo juu, ujaze tena, hadi gunia lijae. Unabaki na mnara wa mawe katikati na maji yanafika chini. Toboa matundu ubavuni, kila tundu mche mmoja wa sukuma, juu panda vitunguu majani. Wakati wa mvua linafaa zaidi kwa sababu mizizi haisimami ndani ya maji.

Kijana wa Kigamboni
Gunia nalikubali, ila Dar lisimamishe mahali penye kivuli cha mchana. La sandarusi likipigwa na jua miezi kadhaa linachanika lenyewe, na udongo wa ubavuni unakauka haraka.

Swali kwa wote: samadi ya kuku, mnaweka lini?

Bibi Shamba, Tanga
Mbichi usiweke kabisa, inaunguza. Irundike, ilowanishe, igeuze, iache miezi miwili au mitatu hadi joto liishe na harufu ipotee.

Mbali na Nyumbani
Nawasoma nikiwa Minnesota, Marekani, na nawaonea wivu wa kheri. Nyie mnasubiri mvua, sisi tunasubiri ardhi iyeyuke. Machipuko ya huku yanadanganya: Aprili jua linawaka, unatoa miche nje, usiku barafu inaua yote. Nimejifunza kusubiri hadi katikati ya Mei.

Kwa ulinganisho wenu, huku sukuma ndiyo inashinda. Inavumilia baridi, kwa hiyo inatangulia kutoka. Mbegu nasia ndani mwezi wa tatu, kwenye trei dirishani. Mchicha nauchelewesha hadi mwisho wa Mei udongo upate joto, lakini ukishaota haukamatiki, maana Juni jua linakaa angani saa 15 na zaidi. Matembele nilikuwa nayalilia miaka mingi, sasa nanunua kiazi kitamu dukani, nakizamisha nusu ndani ya glasi ya maji, kinatoa marando, nayapanda Juni. Jirani zangu hawakujua kwamba majani yale yanaliwa. Nayachemsha kidogo, nayagandisha kwenye friza, na Januari theluji ikiwa dirishani tunakula ugali na matembele ya shambani kwetu.

Mama wa Goba
Dada, hiyo ya Januari imenigusa sana. Nami nina swali la mwisho. Mvua ikizidi, maji ya mtaro wa barabarani yanaingia hadi kwenye bustani. Mboga zikifunikwa ninaweza kuziosha tu?

Mzee wa Matuta
Hapana mama. Maji ya mtaro yanapita kwenye vyoo vya watu. Yakifunika mchicha ulio karibu kuchumwa, ung'oe uutupe, hata ukiuma roho. Matembele yakate yote usawa wa ardhi, tupa, yatachipua mapya, hayo ndiyo utakayokula, nayo uyaoshe na kuyapika vizuri. Kabla ya yote chimba mfereji upande wa barabara, na tuta lililo karibu na mfereji huo lipe matembele, si mchicha.

Mama wa Goba
MREJESHO, wiki ya saba. Mfereji nilichimba na mume wangu Jumamosi moja, umeshafanya kazi mara mbili. Matembele yamefunika upande wote wa chini, nachuma mara mbili kwa wiki. Mchicha niko zamu ya tatu. Ya pili ilipata vidoa vyeupe chini ya majani, nikaing'oa mapema tukala iliyo safi. Kunde ziko pale pale zilipokufa sukuma. Gengeni nimeenda mara mbili tu mwezi huu, kwa nyanya na vitunguu.

Jana nimesia sukuma kwenye trei chini ya nailoni. Bibi, vijiti vinne vya kisamvu cha mpira nimepata kwa jirani, vitatu vimechipua.

Bibi Shamba, Tanga
Hicho cha nne usiking'oe bado. Kikwaruze kwa ukucha, kama ndani ni kijani kiko hai.