Vipimo vya mama vimebadilika: ni kazi, ni umri, au ni ugonjwa?

Fundi wa Free Area (Nakuru)

Hamjambo wanajamvi. Mimi ni fundi cherehani mjini Nakuru, nina umri wa miaka 46, na kwa miaka 21 nimeketi nyuma ya cherehani ya kukanyaga kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza linapoingia. Swali langu lina sehemu mbili, na naomba mnivumilie nikizieleza zote.

Ya kwanza inamhusu mama yangu, mwenye umri wa miaka 73, anayeishi Yala. Mimi ndiye ninayemshonea nguo, na vipimo vya kila mteja huviandika katika daftari, vyake vikiwemo. Mwezi uliopita nilipompima kwa ajili ya gauni la harusi ya mpwa wangu, niligundua kwamba urefu wa nyuma, kutoka shingoni hadi kiunoni, umeongezeka kwa sentimita 3 tangu mwaka 2012, ilhali urefu wa mbele umepungua kwa sentimita 4. Gauni lililokatwa kwa vipimo vya zamani sasa linaburura mbele na kupanda nyuma. Jamaa wa nyumbani wanasema ni uzee tu, tena ni malipo ya jembe, kwa sababu amelima na kubeba maji kichwani tangu utotoni. Wajukuu nao humkemea: "Dani (yaani bibi), simama wima!" Yeye hucheka, hujinyoosha kidogo, kisha mgongo hurudi ulivyokuwa.

Ya pili inanihusu mimi. Ikifika jioni, shingo hukakamaa na katikati ya makombe ya mabega huwaka kama pamewekwa kaa la moto. Binti yangu alinipiga picha nikiwa kazini, nikaona kichwa kimetangulia mbele ya mabega kama cha kobe. Nimenunua mshipi wa kuvuta mabega nyuma kutoka kwa mchuuzi wa stendi, nao hunisaidia muda ninaouvaa, lakini nikiuvua hali hurudi ile ile. Je, niko katika njia aliyopita mama, au haya ni mambo mawili tofauti? Na mtu wa umri wangu akianza mazoezi leo, mgongo utanyooka?

Tabibu wa Viungo (Kisumu)

Ndugu Fundi, shikamoo za mama mfikishie, na hilo daftari usilipoteze, kwa sababu wagonjwa wengi hufika kwetu bila kumbukumbu yoyote ya jinsi miili yao ilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazosogea, na kati ya nyingi za pingili hizo kuna diski, yaani vipande laini kama mito, ambazo kwa pamoja ni kama robo ya urefu wote wa uti. Diski za mtu mzima hazina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya polepole kutoka katika mfupa ulio juu na chini, na kujongea kwa mwili husaidia upenyaji huo. Mchana uzito wa mwili hukamua maji kutoka kwenye diski na usiku tukilala hurudi, ndiyo sababu mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita 1 au hata 2 kuliko alivyokuwa jioni. Kadiri umri unavyosonga, diski hupoteza sehemu ya uwezo huo wa kushika maji, zikawa nyembamba, na mtu akafupika kidogo kidogo. Huo ndio uzee wa kawaida wa mgongo, na haupaswi kumtisha mtu.

Vipimo vya mama yako, hata hivyo, vinasimulia jambo jingine. Diski zikinyauka kwa usawa, mtu hufupika mbele na nyuma. Hapa mbele pamefupika na nyuma pamerefuka, yaani uti umejipinda kama upinde. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, jambo la kwanza ninalolifikiria ni kwamba pingili moja au zaidi za kifuani zimebonyea upande wa mbele kwa sababu mifupa imepungua uzito, hali ambayo madaktari huiita osteoporosisi. Pingili iliyobonyea hivyo huwa na umbo la kabari, nyembamba mbele na nene nyuma, na kabari mbili au tatu zikipangwa juu ya nyingine, hakuna namna mgongo utasimama wima. Mivunjiko mingi ya aina hii hutokea bila mtu kuanguka na bila maumivu makali. Mama anaweza kuwa aliinua ndoo, akahisi mgongo umemchoma kwa wiki mbili, akajipaka dawa ya kuchua, basi. Kwa hiyo waambieni wajukuu waache kumkemea. Hajinyooshi kwa sababu hawezi, wala si kwa uvivu.

Mnaweza kumpima nyumbani kwa njia mbili rahisi. Mwambieni asimame akiegemeza visigino na mgongo ukutani, akitazama mbele bila kuinua kidevu: kisogo kikishindwa kugusa ukuta, hiyo ni dalili. Kisha simama nyuma yake, weka vidole kati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa fupanyonga, kwa ubavuni: nafasi ikiwa ni ya vidole viwili au pungufu, hiyo ni dalili nyingine. Vipimo hivi havithibitishi ugonjwa, ila vinatosha kukufanya umpeleke hospitali apigwe picha ya eksirei ya mgongo kwa upande. Mwulizeni pia kama amekuwa na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, kwa maana kifua kikuu nacho hula pingili za mgongo na kuacha kibiongo, na kwetu huku si jambo la kupuuzwa. Kina dawa, na dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Kuhusu jembe, sikubaliani na jamaa. Kuinama kutwa nzima huchosha misuli na kuumiza kiuno, hilo halina ubishi, lakini mfupa hujengeka kwa kubebeshwa mzigo. Aliyelima maisha yake yote huenda aliingia uzeeni na akiba ya mfupa kubwa kuliko ya karani aliyeketi ofisini.

Wewe mwenyewe nitakujibu kesho, kwani zamu imeniita.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Fundi, mimi nina miaka 68 na nilifundisha ushonaji kwa miaka mingi, kwa hiyo nimesoma swali lako kwa jicho la pembeni. Nina swali dogo: je, huvaa miwani ya kusomea, na kama huvaa, ulipimwa macho au uliinunua barabarani?

Nauliza kwa sababu shingo yangu iliniuma miaka mitatu, nikachuliwa, nikabadilisha mto, nikalaumu cherehani, kumbe kosa lilikuwa puani. Nilikuwa nimenunua miwani ya namba 3 kwa mchuuzi kwa kuwa iliniongezea herufi ukubwa. Msichana aliyenipima macho ndiye aliyenifungua akili: lenzi ya namba 3 hukuonyesha vizuri kitu kilicho sentimita 33 hivi kutoka machoni, na ukikiweka mbali zaidi ya hapo hakionekani sawasawa. Sindano ya cherehani haiko sentimita 33 kutoka machoni mwa mtu aliyeketi wima. Kwa hiyo unaifuata kwa shingo. Nilipewa namba ndogo zaidi, iliyolingana na umbali wa kazi yangu, nikasogeza taa upande wa kushoto wa sindano, na baada ya mwezi nilisahau kwamba nilikuwa na shingo.

Kwa mama, mimi kila asubuhi husimama nikainama mara ishirini hadi vidole vya mikono viguse vya miguu, na mgongo wangu uko sawa. Naye ajaribu taratibu.

Kijana wa Maseno

Ninasomea sayansi ya mazoezi na ninataka kuongeza jambo kuhusu kubeba maji kichwani, maana linalaumiwa bila kusikilizwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanywa kwa wanawake wa hapa Kenya, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Iligunduliwa kwamba waliweza kubeba mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Huwezi kufanya hivyo kama uti wako haujapangika vizuri chini ya mzigo. Pengine huyo mama alikuwa na mkao bora kuliko sisi tunaobeba simu.

Tabibu wa Viungo (Kisumu)

Kijana, utafiti huo ni wa kweli na ni fahari yetu, lakini usiubebeshe mzigo usio wake. Walichopima ni oksijeni iliyotumika. Diski na pingili za shingo hawakuzipima. Mwendo unaweza kuwa wa gharama nafuu kwa pumzi na bado ukaigharimu shingo.

Mwalimu, kwa heshima yote, naomba ushauri wako wa mwisho usifuatwe na mama wa Fundi. Mazoezi ya kuinamia mbele humfaa mwenye mifupa imara kama wewe, ila kwa mifupa iliyopungua uzito huongeza shinikizo pale pale mbele ya pingili panapobonyea. Sinaki na Mikkelsen walilionyesha hili mwaka 1984 kwa wanawake 59 waliokuwa na osteoporosisi: katika kundi lililofanya mazoezi ya kuinama, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya pingili, na katika kundi lililofanya mazoezi ya kujinyoosha kuelekea nyuma, asilimia 16 tu. Kundi lilikuwa dogo, ndiyo, lakini tofauti ni kubwa mno kuidharau. Mama akichunguzwa na kuruhusiwa, afanye haya: aketi kwenye kiti kigumu, avute makombe ya mabega yakaribiane huku kifua kikifunguka, ashikilie kwa pumzi tatu, arudie mara kumi. Akiokota kitu, apige magoti. Aendelee kutembea kwenda sokoni, na omena (dagaa) ale mzima na mifupa yake kama alivyozoea, kwani humo mna kalisi, madini ya kujenga mifupa.

Sasa wewe, Fundi. Hali yako si ya mama. Mgongo wako unaweza kunyooka ukitaka, kwa kuwa unanyooka ukivaa mshipi. Mfupa uliobonyea haunyooshwi na mshipi wa stendi. Tatizo lako ni kukaa katika mkao mmoja kwa muda wa saa kumi. Watu hutafuta mkao sahihi kana kwamba upo mmoja, na mimi nimewaona makarani wanaoketi wima kama askari wa gwaride wakiumwa vile vile. Mkao wowote ukidumu sana huchosha. Mshipi uvae nusu saa ili ukukumbushe, kisha uuvue, maana misuli iliyozoea kushikiliwa huacha kujishikilia. Inuka kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda kupiga pasi kola moja tu. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: funga mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, uvute kuelekea kifuani hadi makombe yakutane, na upige pushapu ukutani. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini kwa asiyeitumia, lakini hata mtu wa miaka 80 akiifanyisha kazi huitikia. Maumivu yatapungua kabla picha haijabadilika, na huenda picha isibadilike sana. Hilo lisikukatishe tamaa. Pia inua meza ya cherehani kidogo.

Fundi wa Free Area (Nakuru)

Nawashukuru sana. Mwalimu, umenipata: miwani yangu ni ya namba 3, ya barabarani, na ninaandika haya nikiwa nimeivaa.

Tabibu, kuinua cherehani ya kukanyaga hakusaidii, kwa kuwa kikanyagio kimefungwa kwenye miguu ile ile ya meza na hupanda pamoja nayo. Nikiinua kiti, meza nayo hubaki chini na ninainama zaidi. Nimejaribu.

Nimempigia dada yangu aliye Yala. Amemsimamisha mama ukutani, na kisogo kimebaki mbali na ukuta kwa upana wa ngumi. Homa na jasho la usiku hana.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Nimekosolewa na nimekubali. Fundi, weka kibao chembamba chini ya miguu miwili ya nyuma ya meza, ile iliyo mbali nawe, ili meza yote ielekee kwako kidogo, uone sindano bila kuichungulia. Kibao kisizidi unene wa kidole, vinginevyo vitambaa vitakutelezea mapajani. Na kiti kisogeze karibu. Mafundi wengi huketi mbali kana kwamba cherehani itawauma.

Tabibu wa Viungo (Kisumu)

Kuhusu kikanyagio, umenifunza kitu. Fuata cha Mwalimu.

Upana wa ngumi ni mwingi. Mpeleke mama wiki hii. Akianza kupoteza nguvu za miguu, akifa ganzi sehemu za siri na mapajani, au akishindwa kuzuia mkojo, usingoje siku uliyopanga, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. La sivyo, nendeni asubuhi mkiwa na daftari lako na dawa zote anazotumia, hasa kama amewahi kutibiwa pumu kwa vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, kwani hivyo hudhoofisha mifupa.

Fundi wa Free Area (Nakuru)

Amewahi kuvitumia, miaka minne mfululizo. Sikujua kwamba lina uhusiano. Ninapanda matatu ya Kisumu kesho alfajiri.