Juliet alikufia mikononi mwa nani? Mie namshika yaya

Somo wa Wete

Assalaam alaykum. Nimekuja na ugomvi wa nyumbani kwangu, mnisaidie kuukata.

Mwanangu wa mwisho yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao wa Kiingereza kawapa kazi: kuna mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, ule wa Romeo na Juliet, waandike nani wa kulaumiwa kwa kifo cha yule msichana. Mie Kiingereza changu cha kuombea maji tu. Basi usiku mtoto anasoma huku ananigeuzia Kiswahili, na mie niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Tumekwenda hivyo siku nne. Siku ya tatu nazi ilinikaa mkononi, sikuikuna tena.

Kwa asiyeijua: mji ni Verona, Italia. Koo mbili haziamkiani, Capulet na Montague. Juliet ni wa Capulet, ana miaka 13, bado wiki mbili na siku chache atimize 14. Jumapili usiku anakutana na Romeo wa Montague kwenye karamu nyumbani kwao. Jumatatu mchana padri anawaozesha kwa siri, na Jumatatu hiyo hiyo Romeo anamuua Tybalt, binamu yake Juliet, anafukuzwa mji. Baba mtu, asiyejua kama binti ana mume, anamwahidi kwa bwana mmoja anaitwa Paris, harusi Alkhamisi. Padri anampa mtoto dawa ya kumlaza kama maiti saa 42, azikwe katika kaburi la ukoo, lile la kuingilia kama chumba, mume aje amtoe. Barua ya kumweleza mume haikufika. Romeo kasikia mke kafa, kanunua sumu, kaja kainywa ubavuni pake. Mtoto kuamka, mume maiti. Akajichoma kwa jambia la mumewe. Jumapili mpaka Alkhamisi alfajiri, imekwisha.

Mwanangu anasema mwenye kosa ni baba. Kwa hesabu yake, harusi ilikuwa Alkhamisi. Jumanne mtoto alipojifanya kukubali, mzee kwa furaha akaivuta ikawa Jumatano. Siku moja imeibwa. Dawa ikanywewa usiku mmoja kabla, na barua ikakosa siku ya kutembea. Hoja nzuri, sikumvunja moyo.

Lakini mie namshika yaya.

Yaya huyu ndiye aliyemnyonyesha Juliet. Alikuwa na bintiye mwenyewe, Susan, rika moja na huyu, akafa. Na siku ya kumwachisha ziwa Juliet alijipaka dawa chungu kwenye chuchu, kama sisi tunavyofanya na shubiri. Hapo nilicheka, nikasema huyu mwenzangu. Maana kazi yangu mie ni usomo. Mwaka wa 22 huu nafunda wari, nawasinga, nawakalia ndani.

Yaya ndiye aliyepeleka maneno kwa Romeo. Yaya ndiye aliyeleta ngazi ya kamba mume apandie usiku wa ndoa. Kulipokucha, baba anamwambia mtoto utaolewa na Paris au nitakukokota, ukikataa kafe njaa njiani. Mama anasema usiseme nami, nimekumaliza. Mtoto kabakiwa na mtu mmoja duniani. Anamgeukia, anamwomba neno la kumtuliza. Na yaya, aliyemwingiza mume chumbani kwa mkono wake jana usiku, anamwambia: olewa na Paris, Romeo mbele yake ni tambara la kufutia vyombo.

Ndoa juu ya ndoa! Na anaisema hivi hivi, kama anayemchagulia kanga.

Tangu hapo mtoto hakumwambia kitu tena. Usiku wa chupa alimtoa chumbani, kwa adabu, akisema anataka kusali peke yake. Na yaya akatoka. Sasa niambieni nyie, mwari usiku wa kuamkia harusi analazwa peke yake? Wangu mie nalala nao chumba kimoja, hata akijigeuza nasikia.

Nakosea? Nyie mnamshika nani?

Mtembeza Wageni (Shangani)

Shikamoo Bi Somo. Mie kila siku napeleka wageni kisiwa cha Changuu kuona kobe wa Shelisheli na lile jengo la jela. Lilijengwa 1893, halikufungwa mfungwa, likageuka karantini ya watu wa melini. Nikilieleza hilo huwa namkumbuka yule padri wa pili, John, aliyepewa barua. Alikwenda kumtafuta mwenzake wa kufuatana naye, na mwenzake yuko anatazama wagonjwa. Wakaguzi wa mji wakashuku nyumba ina tauni, wakapiga mlango muhuri. Hata wa kuirudisha barua hakupatikana, kila mtu anaogopa kuambukizwa.

Wakaguzi siwalaumu, wamefanya kazi yao. Namlaumu padri Laurence, yule aliyewaozesha. Romeo alipokuwa anafukuzwa, padri alimwambia kwa kinywa chake: habari zote nitakuletea kwa mtumishi wako. Mtumishi yupo, Balthasar, njia ya Mantua, mji aliokimbilia Romeo, anaijua. Siku ya siku kaacha kumtumia huyo kampa barua mtu wake wa kanisani. Balthasar hajui kitu, kaona mazishi, kakimbia na habari nusu, na yeye ndiye aliyefika. Nyie watu wa Pemba mnajua. Ukiwa na neno zito la kulifikisha Unguja unampa baharia wa boti, na kuna mwengine anakuja kesho unampa, na simu unapiga juu yake. Barua moja, mtu mmoja, roho mbili! Nani kafanya hivyo?

Baba wa Watano (Chake)

Bi Somo, nina mabinti watano, kwa hiyo msinipige mawe. Huyo Capulet mwanzoni alikuwa mzazi safi. Paris alipoposa mara ya kwanza mzee alimwambia mtoto mdogo, ngoja misimu miwili ipite. Paris akasema wapo wadogo kuliko yeye na ni mama tayari. Mzee akamjibu wanaoolewa mapema hivyo huharibika mapema. Akamwambia nenda kamridhishe mwenyewe, ridhaa yangu ni sehemu tu ya ridhaa yake. Wangapi hapa tumewahi kumwambia mposaji maneno hayo?

Kilichombadilisha ni msiba. Jumatatu usiku Tybalt kafa mchana ule ule, nyumba nzima inalia, mzee anataka furaha hata ya kulazimisha. Anatoa ahadi usiku bila kumuuliza mtoto. Simtetei kwa hilo. Na Sheria yetu ya Mtoto ya 2011 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, basi huyo wa 13 hatuna hata la kujadili.

Ila padri, ndugu zangu. Mtu mzima, mtu wa dini. Alikuwa na Jumanne nzima ya kwenda kubisha hodi: Mzee Capulet, binti yako ana mume, nimemwozesha mimi. Neno hilo tu. Aibu ingemwangukia yeye, posa ingevunjika, watu wangesutana wiki mbili wakachoka. Badala yake kampa mtoto chupa. Na kule kaburini, mtoto kaamka, padri kamwambia twende nikakufiche kwa masista, mtoto kakataa, padri kasikia walinzi wanakuja, kakimbia! Kamwacha na maiti tatu, Romeo, Paris aliyeuliwa pale pale, ukimhesabu na Tybalt, na jambia.

Kijana wa Jang'ombe

Wakubwa shikamooni. Mnamsahau Romeo. Alipoletewa habari aliuliza mara mbili: huna barua ya padri? Akajibiwa hapana. Yaani alijua kuna barua inatakiwa ije. Hakusubiri, hakupita kwa padri kuuliza, kaenda moja kwa moja dukani kwa sumu. Pale kaburini kamuua na Paris. Halafu kamtazama mkewe anasema mbona midomo bado mekundu, mashavu mekundu. Kaiona alama kwa macho yake! Nusu saa tu angekaa kitako akalia kama watu.

Somo wa Wete

Marahaba wanangu. Kijana, hilo la midomo mwanangu alilisoma mara mbili, na mimi nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Baba wa Watano, padri nakubali kakimbia. Lakini padri si wa ndani. Mtoto alimwendea padri kwa sababu mlango wa ndani ulishafungwa.

Mtembeza, hilo la Balthasar sikulijua, nimempa mwanangu aliweke.

Muuza Dawa (Mjini Unguja)

Naomba nimseme mwenzangu wa Mantua, maana hakuna atakayemsema. Siku ile duka alikuwa kalifunga kwa sikukuu, Romeo kamgongea. Mtu kakonda, mifupa inahesabika, rafu zina maboksi matupu yamepangwa yaonekane mengi, na kobe mkavu katundikwa (Mtembeza, kobe wako kafika na huku). Sheria ya Mantua anayeuza sumu ile anauliwa. Romeo kamwekea dukati 40, sarafu za dhahabu. Akasema umasikini wangu ndio unaokubali, si moyo wangu. Mie watu huja wanataka vidonge vya usingizi bila cheti, nawarudisha, na hurudi nyumbani najiona mtu mwema. Lakini mie nimekula mchana.

Jengine, Bi Somo, litakufaa. Shakespeare hadithi hii hakuianza yeye. Aliichukua kwenye utenzi wa Arthur Brooke, uliochapwa London 1562. Mchezo wenyewe ulichapwa mara ya kwanza 1597. Kwa Brooke msichana anakaribia 16 na mambo yanakwenda miezi. Shakespeare akamshusha umri, akaikaza miezi ikawa siku, kwa hiyo mwanao na siku yake iliyoibwa kashika penyewe. Mwisho wa mchezo mtawala wa mji anasema tu wapo watakaosamehewa na wapo watakaoadhibiwa, hamtaji mtu. Brooke aliwataja. Muuza sumu alinyongwa. Padri aliachiwa, akaenda kujitenga na watu mpaka kufa kwake. Yaya alifukuzwa mji, uzeeni, kwa kosa la kuwaficha wazazi ile ndoa.

Baba wa Watano (Chake)

Hapo sasa. Kwa kuificha ndoa, wala si kwa kumwambia aolewe na Paris. Kwa hilo lako hakuna aliyemuadhibu. Bi Somo, nakuuliza kwa heshima: mwenye sumu yupo, mwenye chupa yupo, mwenye kutukana yupo, mbona kilichokuuma ni yaya? Katoa ushauri mbaya tu. Labda aliona mume kafukuzwa, harudi, bora mtoto apate stara.

Somo wa Wete

Umeniuliza, nitasema. Nimeandika nimefuta mara mbili.

Aliona bora mtoto apate stara. Ndivyo hasa alivyoona, ndugu yangu, na mie ndivyo nilivyoona. Mwaka wangu wa saba katika kazi hii nilipewa mwari, sisemi wa wapi. Usiku wa singo chumba kinanuka liwa na karafuu, mikono na miguu ina hina mbichi, hawezi kushika kitu wala kusimama. Nje wanawake wanapika, mabwana wamekaa barazani. Akaniambia kwa sauti ndogo, hata nilidhani anaomba maji. Somo, mie simtaki.

Sikumuuliza kwa nini. Hata hilo tu. Nilimwambia wote husema hivyo usiku huu, ukishafika kwako utanicheka. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu, maana mikono yake ina hina. Kisha nikaanza kumsifia bwana: ana nyumba ya bati, ana mikarafuu, mama yake mpole. Romeo sikumtaja kwa kuwa sikumjua, lakini pengine alikuwapo.

Akanyamaza. Mie nikadhani karidhika. Kwa 22 zangu hizi nawaambia, mwari akinyamaza ghafla hivyo, usilale.

Hakufa, alhamdulillahi. Alirudi kwao mwezi wa saba, ana begi moja na uso umembadilika. Wazee wakasuluhisha, akapata talaka yake, sasa ana maisha yake na watoto wawili. Tukikutana sokoni ananiamkia vizuri, ananiuliza hali, na samaki akipata mzuri ananiambia Bi Fulani chukua huyu. Ananiita kwa jina langu. Wari wangu wote, hata wenye wajukuu, wananiita Somo.

Mwanangu jioni hii kaniuliza abadilishe, amwandike yaya? Nimemwambia aiache ya baba. Ile hesabu ya Jumatano kaipata mwenyewe, na mwalimu ataona.

Muuza Dawa, huyo yaya wa 1562 aliyefukuzwa, kitabu hakisemi alikwenda kukaa wapi?