Sukuma kwenye ndoo zimedumaa na baridi ya Julai, niweke mbolea gani?

Mama Mboga Limuru: Nina sukuma wiki kwenye ndoo za lita 20, mche mmoja kila ndoo. Nilipanda na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Tangu Juni majani ya chini yanageuka manjano, mapya ni madogo. Niongeze samadi?

Shamba Ndogo: Usiongeze. Naitrojeni ya samadi, kirutubisho ambacho majani hayo ya manjano yanakosa, huachiliwa na vijidudu vya udongo, na baridi hii huvifanya vizubae. Tumia CAN (mbolea ya dukani ya punje, yenye naitrojeni), kwa sababu nusu ya naitrojeni yake mmea huifyonza mara moja. Nusu kijiko cha chai kwa mche, kila wiki mbili. Izungushie sentimita 8 kutoka shinani, udongo ukiwa na unyevu, kisha mwagilia. Punje ikinasa kwenye kikonyo cha jani itaunguza.

Kijani Kibichi: Kabla ya CAN, chomeka kidole udongoni. Ukiwa umelowa chepechepe, mizizi inakosa hewa na majani huwa manjano vilevile. Ongeza matundu chini, inua ndoo juu ya mawe.

Mama Mboga Limuru: Asanteni. Mbona chini ya majani kuna zambarau pia?

Shamba Ndogo: Hapo mmea unakosa fosforasi, kirutubisho kingine. Mara nyingi ipo, ila mizizi yenye baridi haiifyonzi vizuri, kwa hiyo usikimbilie DAP (mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi). Sogeza ndoo penye jua la asubuhi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi ya mbolea: ruka zamu moja, mimina maji mengi mpaka yatiririke chini.